Vitabu Saba na Jicho Moja

Abdulazizi anauza vitabu kwa fungu, kama watu wanavyouza nyanya. Ukitaka kimoja cha katikati anakuambia hapana, na ukimbembeleza sana anaanza kufunika meza. Tabia hiyo mimi naipenda, maana niliwahi kununua hadithi ndefu kwa mtu mwingine nikakuta kitabu cha nne hakipo, nikakaa na hasira wiki mbili nzima. Jumamosi ile alikuwa na mafungu matatu mezani, yote hadithi za falme na majoka na vita vya miaka mia, zile zinazoninyima usingizi. Alinitazama huku anacheka kwa sababu alijua siwezi kupita.

"Shikamoo mama Sara. Leo nimekuwekea. Ila uchague leo hii, kesho kuna mwalimu wa Mkalama anakuja kubeba yatakayobaki."

"Marahaba," nikamjibu, nikashika ukingo wa meza.

Usinicheke. Najua inavyoonekana: mwanamke wa miaka hamsini na moja, fundi cherehani anayeheshimika, anatetemeka mbele ya vitabu vya mtumba. Lakini Jumatano ya wiki ile daktari wa macho, mmoja wa wale waliokuja hospitali ya hapa kwa siku chache, alikuwa ameniambia kwamba jicho langu la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata njia hiyo hiyo. Presha ya macho, alisema. Kilichopotea hakirudi. Kuna matone na kuna upasuaji wa kulinda kilichobaki, ila hakuniahidi kitu. Nikamuuliza swali moja tu, nitasoma mpaka lini. Akasita, akasema mwaka, labda zaidi, labda pungufu. Kwa hiyo fungu nitakalolichagua hapo mezani huenda likawa la mwisho kulisoma kwa jicho langu mwenyewe, na niliogopa kukosea.

Kosa la kwanza ni langu, simsingizii mtu. Ukungu ulianza miaka miwili nyuma, pembeni, upande wa kushoto. Sisi wa Mungaa jicho likisumbua hatukimbilii hospitali, tunatia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Mama yangu alinipa chupa. Ile asali inachoma, machozi yanakutoka, halafu unaona kama umepona. Mama mwenyewe aliitia miaka na miaka, na leo haoni hata mwanga wa mlango, na ukoo mzima tunasema ni uzee. Sikuwahi kujiuliza ni uzee gani huo uliomshika macho akiwa na miaka hamsini na tano.

Kosa la pili ni baya zaidi. Daktari aliniambia ugonjwa huu unatembea kwenye damu. "Una watoto?" akaniuliza. Nikasema ninaye mmoja, binti. "Mlete apimwe. Tupo hapa mpaka Jumanne." Nikamwambia nitamleta. Nikatoka pale, nikakunja cheti alichoniandikia mara nne, nikakisukuma chini ya droo ya cherehani, na chupa ya matone nikaificha kwenye kopo la vifungo.

Kisa ni wazee wa Kinyangiri. Binti yangu Sara ana miaka ishirini na minne na amechumbiana na kijana wa huko, Clement, na wazee wake walikuwa waje na posa mwishoni mwa mwezi. Kabla ya posa mshenga hupita kimya kimya kwa majirani kuuliza ukoo una nini. Kuna wazimu? Kuna kifafa? Kuna upofu? Anauliza kwa adabu, huku anakunywa uji aliokaribishwa, lakini anauliza. Kuhusu mama yangu aliambiwa ni uzee, akaridhika. Angesikia bibi ni kipofu, mama anafuata, na binti naye amepelekwa kupimwa, kungekuwa na posa tena? Nikajisemea harusi ipite kwanza, halafu nitamwambia.

Basi hapo sokoni nilikuwa na Sara. Hadithi hizi tunasoma pamoja tangu akiwa darasa la tano. Kiingereza changu ni cha shule ya masista, cha kushikilia kamusi, na yeye ndiye aliyekuwa akinicheka nikikwama. Mimi hutangulia kitabu kimoja, yeye anafuata nyuma, na nikimdokezea nani atakufa hanisemeshi siku tatu. Siku hizo alikuwa amepunguza. Kitabu cha nne cha hadithi iliyopita kilimlalia miezi mitano, anasema kazi ya duka la fotokopi inamchosha. Alikuwa pia anajigonga kwenye meza na kuangusha vikombe, na mimi nikawa namtania kwamba Clement amemtoa akili.

Tulisimama mbele ya meza, yeye kushoto kwangu. Kwa miezi minane nilikuwa nikimweka kushoto kila tulipotoka. Sikumwambia sababu. Nilitaka macho yake yaangalie upande ambao mimi sioni, na yeye akadhani ni mapenzi tu ya kushikana mikono.

"Haya," akasema Abdulazizi, na akapiga fungu la kwanza kwa kiganja. "Hili vitabu vitatu. Mfalme anauza kivuli chake apate mvua. Hili vitabu saba. Mto umegeuka, unapanda mlima kumtafuta mtu aliyeuiba. Hili kumi na viwili, ila cha kumi na mbili sina, nisikudanganye."

"Hilo lisilo na mwisho liondoe," nikasema kwa ukali, na nadhani alishangaa.

Nikabaki na mawili. Mimi kitabu kimoja kinanichukua miezi miwili, nikisoma mchana kati ya nguo na nguo. Vitatu ni miezi sita. Vile ningevimaliza, karibu nina hakika. Saba ni mwaka na miezi miwili, na mwaka ndio daktari alioutaja. Nilikiona kitabu cha sita kimefunguka mapajani mwangu, mto umekaribia kileleni, na mimi natazama ukurasa siuoni. Lakini roho yangu yote ilikuwa kwenye ule mto. Nilitaka kujua nani aliuiba, na aliuficha wapi mto mzima.

"Chukua vitatu, mama," Sara akasema.

Nikamgeukia. "Wewe? Wewe uliyelia hadithi ya vitabu vinane ilipoisha, ukasema mwandishi ni mchoyo?"

"Nimechoka na ndefu. Vitatu vinatosha."

"Vinamtosha nani? Mfalme anauza kivuli, huyo ni mfalme au dalali? Mimi nataka mto."

"Mama, vitatu." Sauti yake ilipanda, na mwenye duka la vyombo jirani akageuka kututazama. "Ndefu zote za nini? Tunaanza tunaachia njiani."

Sijawahi kuachia hadithi njiani, na yeye alilijua hilo. Neno lile lilinigusa pale pale nilipokuwa naogopa, nikadhani labda amekiona cheti. Ili nipate nafasi ya kutulia nikachukua kile cha kwanza cha mto, nikakigeuza nyuma ambako wanaandika kidogo habari zake kwa herufi ndogo ndogo ambazo siku hizi ni kama mchwa kwangu, nikampa.

"Nisomee hapo. Kisha tuamue."

Akakipokea na kukisogeza karibu na uso. Kisha akazungusha shingo taratibu kwenda kushoto, kidevu karibu kifike begani, ili jicho la kulia likae katikati ya ukurasa.

Shingo ile naijua. Ndivyo ninavyosoma mimi. Ndivyo mama yangu alivyokuwa akichambua mchele, kabla hatujamnyang'anya ungo.

Akaanza kusoma, na kila alipofika mwanzo wa mstari alikosa neno. Anaanzia katikati, anasimama, anarudi, anapapasa kwa kidole kutafuta mstari ulipoanzia. Abdulazizi alidhani ni Kiingereza kinamshinda, akawa anamsaidia matamshi. Mimi nilikuwa nimeshaona kope zake. Zilikuwa zimeshikamana kwenye kona, zinang'aa.

"Sara. Mkoba wako."

"Wa nini?"

Nikaingiza mkono mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kumfanyia tangu awe mtu mzima, nikaitoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, na ndani haikuwa dawa ya kikohozi. Nilifungua nikanusa. Asali ya nyuki wadogo ina harufu fulani ya ukakasi, huwezi kukosea.

"Bibi alinipa," akasema haraka. "Macho yananiwasha tu. Vumbi la pale kazini."

"Tangu lini?"

"Mama, watu wanatuangalia."

"Tangu lini, Sara?"

Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja changu, hapo hapo sokoni, na uso wake ulikuwa wa moto mkononi mwangu.

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

Abdulazizi akaanza kucheka, akidhani ni mchezo wa mama na mwana, kisha akaacha. Sara alisimama wima kama mtoto anayeulizwa jedwali la kuzidisha na mwalimu.

"Vitatu," akasema.

Mkono wangu mwingine ulikuwa bado umeshika chupa ya asali. Sikuwa nimeuinua.

Niliogopa sana siku ile ya Jumatano. Niliogopa nilipokuwa nikificha cheti, na niliogopa mbele ya yale mafungu. Vyote hivyo ukivijumlisha havifiki robo ya nilichokisikia nikiwa nimeshika uso wa mwanangu. Nilitaka kupiga yowe kama la msibani, na pia nilitaka kumpiga kibao, yeye na mimi na bibi yake.

"Nilijua ungegundua," akasema, machozi yanapita chini ya kiganja changu. "Mshenga aliwauliza majirani, akina mama Deo, kuhusu macho ya bibi. Nikasema harusi ipite kwanza, halafu nitakwambia."

Maneno yangu yenyewe, neno kwa neno. Tulikuwa tumelala nyumba moja, kila mtu na siri yake kwa sababu ya watu wale wale, na ningekuwa nimesema Jumatano angekuwa amepimwa Alhamisi. Siku tatu nzima nilizipoteza nikiwaza vitabu.

Nikamwambia yote pale pale, mbele ya Abdulazizi na mwenye vyombo, sikujali. Cheti, matone kwenye kopo la vifungo, jicho la kushoto, mwaka mmoja. Nikamwambia kwamba asali haikuponya mtu hata mmoja katika sisi watatu. Daktari yupo mpaka Jumanne, na leo wanapokea watu hadi saa tisa.

"Na wazee wa Kinyangiri?"

"Watauliza, nitawajibu mwenyewe. Clement akikukimbia kwa hili, na akimbie mapema."

Alilia kwa kwikwi. Abdulazizi alikuwa anapanga upya mafungu yaliyokuwa yamepangika.

"Mama Sara," akasema mwisho, polepole, "nikuwekee lipi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikuja kuchagua. Nikamtazama Sara. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akazungusha tena ile shingo, akatafuta meza.

"Chukua saba, mama," akasema. "Nilisema vitatu kwa sababu nilijua saba sitavimaliza."

"Hata mimi."

"Basi chukua saba."

Abdulazizi akafunga fungu kwa kamba, akasema atanitunzia na mwalimu wa Mkalama atabeba yatakayobaki, akanipa kile cha kwanza mkononi tukasome kwenye foleni ya hospitali. Niliondoka bila hata kuaga vizuri. Nilikuwa na haraka, nimemshika Sara mkono na kumvuta, na kichwani nahesabu: saa saba na nusu sasa, kufika hospitali ni dakika ishirini, daktari asije akaondoka.

Tulifika barabarani. Niliangalia kulia, palikuwa wazi, nikashuka. Kwa mazoea nilikuwa nimemweka kushoto kwangu, kama miezi yote ile, nikimtegemea. Tukafika katikati.

Honi ililia sikioni mwangu. Bodaboda ilitokea kushoto ikapita mbele yetu, karibu kiasi kwamba kioo chake kilikipiga kile kitabu mkononi mwangu kikaanguka, na upepo wake ukanivuta gauni. Sara alipiga kelele baada ya kupita. Hakuwa ameiona. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona, na hapo nikajua kwamba kwa miezi minane nilikuwa nikivuka barabara za mji huu nikiongozwa na jicho ambalo halikuwepo.

Dereva alisimama mbele kidogo, akageuka kwenye kiti chake, ametota jasho la woga yeye mwenyewe.

"Mama! Huoni?"

Nilikuwa nimekumbatia mwanangu katikati ya barabara, siwezi kwenda mbele wala kurudi, na magari yameanza kusimama pande zote mbili.

"Hatuoni, baba," nikamwambia. "Njoo utuvushe."