Kitambaa cha Mbwana

"Umemroga, Raheli. Tangu umfulie kitambaa cha kuzibia pua, mume wangu hapumui vizuri."

"Nilikifua pamoja na cha mume wangu Kaleb, dada. Kilichokuwamo ni mchanga tu."

Zamda alisonya, na nusu ya mtaa wa Kilole ilikuwa uani kwa Raheli ikisikiliza. Waume zao walishika bomba moja darajani, wakirusha mchanga kwa mashine ya Mdachi, chuma kitoke kutu kabla ya rangi.

"Bomba moja, basi mbona wako mzima?"

Raheli akageukia mlango wake. Ndani kikapasuka kikohozi kikavu cha kukwaruza, kile kile Zamda alichokiacha kitandani kwake.

"Kaleb hukoholea blanketini," Raheli akasema taratibu, "msije mkamzika kwa midomo kabla ya siku yake."

Zamda akashusha mikono iliyokuwa kiunoni.

"Ingia, dada. Ugali umeiva. Ule, kisha umbebee Mbwana wako."