Barua ya Kusomewa

Siku ya tatu Mwalimu Abdulmajid aliipiga kibodi kofi. Halikuwa kofi la kuvunja kitu, maana hakuwa na kompyuta nyingine. Lilikuwa kofi la mtu mzima aliyechoka kudharauliwa na chombo. Mashine haikujali hata kidogo. Ilirudia maneno yake yale yale kwa sauti yake kavu ya puani: imekataliwa, jaribu tena.

"Nijaribu tena mara ngapi, wewe?" aliiuliza.

Tumwonee huruma, jamani. Miaka thelathini alifundisha jiografia, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake asiyejua mito yote ya Morogoro inakotoka na inakoishia. Presha ya macho ikamnyemelea polepole, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, mpaka mwaka juzi ikamfungia mlango kabisa. Sasa alikuwa anakaa nyumbani kwake Mafiga, na kila kitu chenye maandishi kilibidi kipitie mdomoni kwa mke wake Latifa kabla ya kumfikia.

Simu hizi za kugusa zilimshinda. Kioo laini, hakina pa kushika. Ukigusa hapa umempigia shemeji, ukigusa pale umefuta picha za harusi ya Zuhura, binti yao aliyeolewa Dakawa. Ndipo Jastin, mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, alipomtumia kompyuta kwa basi. Ilikuwa kuukuu, lakini aliitengeneza makusudi kwa ajili yake: haina picha, haina kubofya, ni maneno matupu, na kila neno linalotokea mashine inalitamka. Kilichobaki ni programu ya barua pepe, nayo ya maneno matupu vilevile. Hiyo ilitaka mwenyewe aandike faili la mipangilio, mstari kwa mstari, huku Jastin akimpigia kwenye kisimu chake cha vitufe na kumwelekeza.

Na hakuwa akihangaika kwa sababu ya kukosa kazi. Ilikuwepo barua moja aliyokuwa akiisubiri. Madaktari wa hospitali moja ya macho huko Dar walimpima kabla ya Ramadhani, wakamwambia watakaa kikao, kisha watamwandikia kama upasuaji unaweza kulirudisha jicho la kushoto. Walisema baada ya mwezi mmoja. Ulipita wa kwanza, ukapita wa pili. Kila siku baada ya swala ya alasiri Latifa alifungua barua pepe kwenye simu yake, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, hakuna kitu, Baba Zuhura, ni matangazo tu.

Kile kimya kidogo ndicho kilichomkosesha raha. Mtu aliyesikiliza watoto wakisoma darasani kwa miaka thelathini anajua pale msomaji anaporuka mstari. Latifa alikuwa anaruka mistari. Alipomsomea barua ya chama cha walimu aliruka, alipomsomea ya mdogo wake aliruka, na akimaliza kuruka sauti yake huchangamka kupita kiasi. Mwalimu hakutaka tena barua za kusomewa. Alitaka kuisoma ya kwake, mwenyewe, iwe njema au iwe mbaya.

Sasa wapi! Siku ya kwanza nzima iliishia kwenye alama moja ya kufungia aliyoisahau mwisho wa mstari. Alama moja! Mashine ikagoma faili zima. Siku ya pili ilikwenda kwenye namba ya mlango wa seva, ile kompyuta ya kampuni inayotunza barua, namba ambayo Jastin aliitaja huku mvua inapiga bati, Mwalimu akaiandika visivyo, na wote wawili wakapoteza saa nne wakitafuta kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa. Siku ya tatu ndiyo ya lile kofi. Kila kitu kilikuwa sawa, neno la siri aliliandika herufi kwa herufi mara tisa, na mara zote tisa likakataliwa.

Jastin akachunguza, akarudi na maelezo. Ile kampuni ya barua pepe haikubali tena neno la siri la kawaida kutoka kwenye programu za aina hii. Inataka neno jingine maalumu. Ili kulitoa, kampuni itatuma kwanza namba sita kwenye simu iliyotumika kufungulia ile akaunti. Na simu iliyotumika ni ya Latifa.

Hasira zilimpanda Mwalimu mpaka masikio yakawa ya moto. Yaani hata ruhusa ya kusoma barua zake iko kwenye kanga ya mke wake!

Akamwita Latifa, akamweleza. Latifa alijibu vizuri tu kwamba zikiingia atamwambia. Jastin akaomba namba huko aliko, wakasubiri. Latifa akasema hazijaingia, labda ni mtandao na mvua hii. Wakaomba tena. Mwalimu akaisikia simu ikilia jikoni, mlio mfupi wa ujumbe, akauliza. Latifa akasema ni akina mama wa madrasa wanapanga mambo yao. Mara ya tatu ikalia tena, na Latifa akanyamaza kabisa. Namba zile zina uhai wa dakika chache, zikichelewa, zimekufa. Baada ya mara tatu kampuni nayo ikachoka, ikasema wajaribu kesho.

"Latifa," Mwalimu alisema, "mimi ni kipofu. Si mtoto."

Latifa alisikika akiosha vyombo, kisha akasikika akiosha vyombo vile vile mara ya pili. Siku ile walikula bila mazungumzo, na Mwalimu alilala ameukabili ukuta. Aliumia, na aliona haya kwamba ameumia kwa jambo la namba sita.

Asubuhi yake, Jastin alipopiga, Latifa alikuja mwenyewe bila kuitwa. Akasimama nyuma ya kiti na simu yake mkononi. Ilipolia hakusingizia mvua wala mtandao.

"Tatu," alisoma. "Nane. Nane. Sifuri. Moja. Tano."

Kisha akatoka uani. Jastin akaziingiza, akapewa neno maalumu la herufi kumi na sita, akamtajia Mwalimu moja moja. Mwalimu akaandika, akavaa spika za masikioni ili asisikie mwingine, akabonyeza. Mashine ikanyamaza kwa kitambo. Halafu ikasema kuna barua mia nne na kumi na mbili.

Alimshukuru Jastin haraka haraka, akakata simu. Akashuka kwenye orodha, mstari kwa mstari. Barua ambayo haijafunguliwa mashine huitaja kwanza kuwa ni mpya, kisha tarehe, kisha mtumaji. Mpya, tangazo. Mpya, tangazo. Halafu jina la ile hospitali likapita, na mbele yake mashine haikutamka mpya. Ilikuwa ya wiki tatu zilizopita, na ilikwisha kufunguliwa.

Akaifungua. Ilikuwa fupi. Mshipa wa jicho umekufa pande zote mbili, upasuaji hautasaidia, wanasikitika sana. Akairudia toka juu, ikasema vilevile.

Uchungu ulichelewa kufika; hasira zilitangulia. Wiki tatu! Wiki tatu anaambiwa hakuna kitu, anaomba dua kwa ajili ya jambo lililokwisha kuamuliwa, na mkewe yupo pale anamwangalia. Basi kama amezisoma barua zake, pengine amezijibu pia kwa jina lake. Akaenda kwenye barua zilizotumwa. Ilikuwepo moja, ya siku ile ile, kwenda hospitali ile ile. Akakaza taya, akaifungua, na mashine ikaanza kusoma kwa sauti yake isiyojua furaha wala msiba.

"Kwa daktari. Mimi ni mke wa Mwalimu Abdulmajid. Barua nimeisoma mimi, yeye hajui. Naomba msimpigie simu. Kwetu habari kama hii mke hamwambii mume, huletwa na mjomba. Mjomba wake Mzee Rehani yuko juu milimani, na barabara ya kushuka Mlali imekatwa na mvua. Ikipitika atakuja kumwambia kwa utaratibu wake. Mimi nina swali moja. Macho yangu yote mawili ni mazima. Kama mnaweza kutoa moja mkampa yeye, niambieni siku ya kuja. Moja litanitosha kumsomea."

Mashine ikanyamaza. Mwalimu hakuigusa. Machozi yalimtoka, yakamshuka mpaka kidevuni, naye akayaacha yashuke. Alikuwa amejiandalia maneno makali, na sasa hakuyataka tena.

Mlango wa uani ukafunguka. Akavua spika, akajipangusa uso kwa kiganja. Latifa alisimama mlangoni, hakuingia.

"Zimefunguka?" aliuliza.

"Zimegoma," Mwalimu alisema. "Nimeiacha hii mashine. Tumngoje mjomba."

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mjomba anakuja. Latifa akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akaushika mkono wake uliokuwa bado juu ya kibodi.