Santuri ya Mama

Chumbani kwa Selekta spika zilikuwa nyingi kuliko viti. Mgeni alikaa juu ya besi, apende asipende. Jina la Selekta, yaani mchagua santuri dansini, alilipata ujanani, na halikuwa jina la mchezo: akipiga reggae, ukuta wa jirani ulitikisika na jirani mwenyewe akaja kucheza. Siku hizi masikio yalikuwa yamechoka, na kazi iliyobaki ilikuwa kuwalaumu vijana.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa bintiye, mwimbaji wa dancehall.

"Besi mmeitupa wapi? Mnagombana na kinanda tu."

"Baba, hata nyinyi babu alisema mnapiga kelele."

"Babu yako alikuwa na haki ya kukosea. Wewe huna."

Wangeweza kutaniana hivyo kutwa nzima, lakini palikuwa na santuri moja isiyotaniwa. Mama wa binti alikuwa ameimba humo wimbo wa kumsifu Selekta na spika zake. Ilikuwa santuri laini, iliyochongwa moja tu, na sindano huila kidogo kila inapopita. Lebo yake mzee aliibandua zamani, kama walivyofanya wenzake wote ili wapinzani wasijue wanapiga nini.

Mama alifariki binti akiwa mchanga, na sauti ile binti hakuwahi kuisikia hata mara moja. Miaka nenda miaka rudi aliomba ainakili, aiweke kwenye wimbo wake mwenyewe. Mzee alikataa katakata. "Mama yako hachanganywi na makelele." Kisha alijifungia chumbani, akavaa hedifoni, akamsikiliza mkewe peke yake.

Asubuhi moja alimkuta binti jikoni, anaosha vyombo huku akiimba, akivuta pumzi katikati ya neno. Mzee akasimama mlangoni.

"Mama yako alikuwa anavuta hivyohivyo," akasema. "Haya, lete hiyo mashine yako ya kunakilia."

Binti alichomeka waya. Mzee akaipangusa santuri kwa pindo la shati, akashusha sindano.

Mkwaruzo ukajaa chumbani, kama mafuta yanayokaanga. Binti akangoja. Akaongeza sauti, akakagua waya, akainama mpaka sikio likagusa spika. Chini kabisa besi ilikuwa inagugumia, na juu yake hapakuwa na mtu. Sindano ilikuwa imemla mama, akaisha.

Akageuka amwambie baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu, midomo ikiyafuata maneno moja baada ya jingine.

"Hapa," akanyoosha kidole. "Sikiliza anavyopanda. Umemsikia?"

Hasira ilimpanda binti. Mama amemmaliza peke yake, hakumbakizia hata neno. Akautazama ule uso wa mzee uliojaa raha, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Nimemsikia, baba."

"Si nilikwambia? Hakuna kama yeye." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta. "Sasa mchukue. Mchanganye na makelele yako, nimeridhia. Ila wimbo ukiwa tayari, wa kwanza kuusikia niwe mimi."

Binti alichomoa waya, akauzungusha mkononi polepole, akasema atamletea.