Fidla ya Nella na Uongo wa Rufus

Mama yake Nella alizikwa Makamba, Burundi, Nella mwenyewe akiwa Sydney, kazini kwenye nyumba ya wazee huko Seven Hills. Ruhusa alinyimwa. Aliporudi kwake alichukua fidla, ambayo alifundishwa kuipiga na padri katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akakaa jikoni, akaiachia ilie badala yake. Kilio kikatoka kwa mwendo wa dansi za Ireland, maana ndizo alizokuwa akipiga kila Jumamosi Bankstown, katika kundi la mzee mmoja mpiga fidla aliyeitwa Rufus. Kiptoo, Mkenya mpiga gitaa wa kundi hilo na jirani yake, aliusikia muziki ule ukizaliwa ng'ambo ya ukuta.

Nella akaupeleka kundini. Rufus akaupenda, akaujua wote. Kwenye onyesho la kwanza akashika kipaza sauti. "Huu nimeurithi kwa babu yangu," akasema, "naye aliupata kwa babu yake kule Ireland." Watu wakashangilia. Nella akahisi kaburi la mama yake linafukuliwa mbele ya umati.

Baadaye alimfuata. "Mzee Rufus, ule ni wa kumlilia mama yangu. Nimeutunga mimi."

Rufus akampigapiga begani. "Nani atauamini muziki wa Ireland uliotoka Burundi? Ukiwa wa babu yangu, utaishi."

Nella akafungasha fidla yake akaondoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Dada, hama tu kundi hili," Kiptoo akamshauri.

"Nihame nimwachie? Kwanza aumbuke."

Muziki ule ulikuwa na sehemu mbili. Nella akatunga ya tatu, ya kurukaruka, ngumu kuikamata kwa kuisikia mara moja, akawafundisha wenzake wote isipokuwa Rufus. Walipoambiwa ukweli hakuna aliyekataa. Jacky, mpiga filimbi, ambaye Rufus alizoea kumfokea mbele ya wageni, ndiye aliyefanya mazoezi kuliko wote.

Ikaja siku ya tamasha. Rufus akasimulia tena habari za babu yake, safari hii akiongeza njaa kuu ya Ireland na machozi. Wakaanza. Sehemu ya kwanza, ya pili. Rufus akageuza upinde wa fidla yake arudi mwanzo, wenzake wakampita wakaingia ya tatu. Akawakimbiza, akakosea, fidla ikapiga ukelele, kisha upinde ukabaki unaning'inia. Nella akamgeukia, akapiga huku akimkazia macho hadi mwisho.

"Rufus!" bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti. "Kipande hicho babu yako alikufa nacho?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rufus akateremka jukwaani, wala hakurudi tena kundini.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Nella. Alikuwa amepanga kulitaja jina la mama yake, Spéciose. Lakini alikuwa bado anaishibisha roho kwa mgongo wa yule mzee unaotoka mlangoni, na alipozinduka watu walikuwa wameshaanza kuinuka.

Ndipo muziki ule ukasambaa mjini na jina walilolibuni watu wenyewe: "Rufus Kapotea." Nella huwasahihisha. Wengine husikiliza, wengi hucheka, maana kisa cha Rufus kinachekesha.

"Umejuta?" Kiptoo alimwuliza siku moja.

"Kwa Rufus? Hata kidogo." Nella alikuwa akikaza nyuzi. "Kwa mama, ndiyo."