Kopo la Kivumbasi

Matar, mumewe Kidawa, alikuwa mtu mpole, ila ukitaka kumwona mkali mtajie unyevu. Majani ya dawa aliyaanika kivulini mpaka yavunjike vidoleni, akayafunga kwa karatasi ya kaki, akayatia ndani ya kopo la bati pamoja na kipande cha mkaa, kisha akauziba mfuniko kwa nta ya nyuki. Kazi hiyo aliifanya jua la utosi. Mvua ikinyesha, ole wake atakayegusa kopo!

Mwaka sitini na nne aliondoka kwenda Mombasa, asirudi wala asilete salamu. Pale mtaani kwao Ng'ambo dawa zikauzwa, nyingine zikagaiwa, likabaki kopo moja la kivumbasi, majani ya kufukizia kifua, alilolifunga kwa mikono yake.

Hilo Kidawa alikataa kulitoa. Masika yakiingia, mvua ikipiga paa na kitanda kikiwa kipana, alibandua mfuniko, akatia pua ndani, akamvuta Matar mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaliziba kwa nta ileile. Alijua kuwa anakosea, lakini angefanyaje naye alimtamani hivyo?

Miaka ikapita, mama yake Matar, Bi Mwamvua, akabanwa na kifua.

"Kidawa mwanangu, nifukize," alisema. "Fungua lile kopo alolifunga Matar."

Kidawa akalifungua mbele yake. Majani yalikuwa meusi, yameota ukungu, yananuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kapuni.

"Nnalifungua mie, mama. Kila masika. Nlikuwa nnamtafuta."

Bi Mwamvua akageukia ukutani.

Kidawa akachuma kivumbasi kibichi uani, akamfukiza nacho. Kilichobaki akakianika kivulini, na kilipokauka sawasawa akakifunga jua la utosi, kwa karatasi, mkaa na nta, kama alivyofunzwa na Matar. Alipompelekea mkwewe maji ya kunywa, bibi akaukamata mkono wake, akaupeleka puani, akakaa nao.

"Matar alikuwa akiingia ndani ananukia hivi hivi," alisema.

Alipouachia, Kidawa akatoka uani. Akafunika uso kwa viganja vyake, akavuta pumzi. Ilikuwa harufu ileile, na Matar bado alikuwa mbali.