Nguma wa Tatu

Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwa Nyevu, niliuliza samaki wake wanauzwa kwa fungu au kwa kilo. Msinicheke. Mimi Kuluthum nimezaliwa Kisauni, nimekula samaki tangu sina meno, na sijapata kusimama mbele ya samaki nisimfikirie pamoja na tui la nazi. Nikamwambia amtoe mmoja majini nimtazame mashavu kama ni mekundu, maana samaki hununuliwa kwa mashavu na macho, si kwa rangi. Nyevu, mwanamke wa Kigiriama mwenye subira kuliko mimi, akaweka chini kiwavu chake, akanieleza kwamba hawa ni wa kutazamwa tu. Nikamuuliza wa kutazamwa mpaka lini.

Nyuma yangu mume wangu Obeid akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoninunulisha samaki, kwa sababu nilikuwa sijakisikia muda mrefu.

Obeid alikuwa dereva wa kreni bandarini, kule Kipevu. Yeye na Nguma, mtu wa Kaloleni, walipokezana kreni moja tangu ujana mpaka mvi: mmoja anashuka, mwingine anapanda. Walistaafu pamoja. Kabla mwaka haujaisha Nguma akafa, Obeid akaenda Kaloleni kumzika, akarudi na udongo kwenye viatu, akakaa kitini akaelekea ukuta. Nilipomuuliza habari za maziko alisema, "Tumemzika," basi. Jina lile hakulitaja tena, na polepole hata maneno mengine yakamwisha. Nikimuuliza mchuzi umekolea, anaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa maneno, na nyumba ya kimya hunichoma kuliko nyumba ya ugomvi. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikampikia mpaka nikaishiwa na vyakula vya kubuni. Wallahi niliogopa. Niliona mume wangu anamfuata mwenziwe kidogo kidogo, nami nimekaa namtazama.

Binti yetu Afrah, aliyeolewa Mkomani, ndiye aliyetuletea tangi la kioo ambalo watoto wake walikuwa wamelichoka. Alisema angalau baba apate kitu cha kutazama zaidi ya ukuta. Ndiyo sababu ya sisi wawili kuwa dukani kwa Nyevu asubuhi ile.

Duka lenyewe ni chumba kimoja baina ya kinyozi na fundi cherehani. Matangi yamepangwa kutoka chini mpaka karibu na dari, vimashine vinanguruma, na ndani kuna ubaridi wa mtungi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku kila mteja huenda na chombo chake, nami nilikuwa na kopo la aiskrimu. Obeid alizunguka kwa taratibu, mikono nyuma, akachagua wawili waliotulia. Kisha akasimama mbele ya mmoja wa rangi ya chungwa mwenye doa jeusi juu ya jicho. Alikuwa hatulii yule samaki. Alipanda na mapovu mpaka juu, akashuka, akapanda tena.

"Huyu ni Nguma," Obeid akasema. "Hakai mahali pamoja."

Nikajifanya natengeneza buibui langu ili asinione macho. Wale wawili wengine aliwaita Kiponda na Ismail, majina ya wenziwe wa bandarini ambao bado wa hai, lakini mimi nilikuwa nimesikia jina moja tu.

Nyumba ikabadilika. Asubuhi akishaswali alikwenda kwenye tangi kuwapa chakula, na kabla hajawapa aliwasalimia. Alimwambia Nguma kwamba amechelewa zamu, akamwambia Ismail apunguze kula. Akishaongea nao, mdomo ulikuwa umekwisha kupata moto, basi mabaki yalinifikia mimi: mvua itanyesha, chai ya leo nzuri, Afrah mbona hajapiga simu. Wanawake wengine wangeona wivu. Mimi nilipokea makombo yale kwa mikono miwili.

Sasa, Ijumaa kwangu haina mjadala. Obeid akishavaa kanzu akaenda msikitini, nafagia nyumba, natia makaa kwenye chetezo, naweka udi, na kuzungusha moshi chumba hadi chumba. Nikimaliza nakiacha chetezo sebuleni kifuke mpaka arudi, ili akifungua mlango akutane na harufu kabla hajakutana na mimi. Ndivyo nilivyomfanyia tangu aliponioa. Na kwa kuwa tangi ndilo lililokuwa pambo jipya la sebule, Ijumaa ile nilikiweka chetezo kwenye kigoda kando yake.

Nilipotoka jikoni, Nguma alikuwa anaelea tumbo juu.

Sikulia. Nilichukua kopo nikakimbia, buibui likipepea, na watu waliokuwa njiani wakadhani kuna mgonjwa. Nikamsihi Nyevu apekue matangi yote anipatie mwenye doa. Alipekua mpaka akampata mmoja, ila doa lake lilikuwa limeegea upande wa kushoto kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilimtia majini Obeid akiwa mlangoni anavua viatu. Akaingia, akavuta harufu ya udi, akasema alhamdulillahi, akaenda kumsalimia Nguma.

Ijumaa iliyofuata yakawa yale yale. Safari hii Nyevu alinipima kwa macho, akasema samaki wake wazima, na hatoi mwingine mpaka ajue huyu wa pili ameuawa na nini. Akafunga duka, tukafuatana, samaki wa tatu akiwa ndani ya kopo kwapani mwangu. Alipoingia sebuleni alipiga chafya. Akatazama chetezo, akatazama kimashine kilichokuwa kinapeleka mapovu tangini.

"Mama, hiki kimashine chavuta hewa ya hapa sebuleni na kuitia majini," akasema. "Na hewa ya hapa leo ni moshi mtupu. Nguma naye akaa juu ya mapovu. Ndiye anayeupata wote."

Nikambishia. Nikamwambia udi haujaua kiumbe tangu enzi za Nabii Adamu, na kama samaki wake ni dhaifu aseme. Huku nambishia nilikuwa tayari nimefungua madirisha na kutoa chetezo nje, napepea moshi kwa leso kama mwendawazimu. Tulibadilisha maji nusu, tukamtia Nguma wa tatu, kisha nikamshika Nyevu mkono na kumwapisha asimwambie Obeid. Alinishauri nimweleze mwenyewe, mzee ni mtu mzima. Nikamwambia hamjui. Kumweleza habari ya moshi ni kumweleza kwamba Nguma amekufa tena, tena mara mbili, na mimi ndimi niliyemuua. Jina lile lilikuwa limerudi kinywani mwake kwa tabu; nani angenihakikishia kwamba litarudi tena?

Ningeweza kufukizia uani, au chumbani na mlango nimefunga. Lakini mimi nikiogopa huwa sipimi. Nilikitia chetezo kabatini nikageuza ufunguo.

Ijumaa ya kwanza bila udi Obeid alifungua mlango, akasimama. Nilimwona akivuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Hakuuliza. Nguma alikuwa anapanda na kushuka mzima wa afya, nami nikamshukuru Mungu. Ijumaa ya pili alisimama zaidi, akala matonge machache, akasema ameshiba. Wiki ile alianza tena kunyamaza. Aliwapa samaki chakula bila salamu. Jioni alikuwa ananitazama mimi, na nikigeuka anatazama kwingine. Nikajua ameligundua lile doa. Nikajua kazi yangu yote imekwenda na maji, na kwamba kiti kitarudi kuelekea ukuta.

Jumamosi nilitoka kidogo kwa jirani kuomba pilipili. Niliporudi, tangi lilikuwa tupu. Maji yamo, mapovu yanapanda, samaki hakuna hata mmoja, na Obeid pia hayupo. Ndoo ya kuogea ilikuwa imeondoka mahali pake.

Nilijua aliko. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya duka, ndoo baina ya miguu yake, na samaki watatu ndani. Nyevu alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Alikuwa amekataa kuwapokea, na alikuwa hajavunja kiapo. Uso wake ulinilaumu tu.

"Mama Afrah," Obeid akasema, "kama tatizo ni hawa samaki, nimewarudisha."

Nikamuuliza samaki wamenikosea nini.

Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoniambia mwaka mzima.

"Nyumba hainuki udi. Ijumaa ya kwanza nilidhani umesahau. Ya pili nikajua hukusahau. Mama yangu alipomchoka baba hakumgombeza, wala hakurudi kwao. Aliacha kufukiza tu. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa. Tuliishi katika nyumba ile mpaka baba akafa, haikunuka tena hata siku moja ya Idi." Akaitazama ndoo. "Nikajisemea, sikumpa mke wangu neno muda wote huu, na nilipopata maneno nikawapa samaki. Ana haki yake."

Nilimpenda mzee yule pale kwenye kigoda mpaka nikataka kumpiga. Kisha hasira zikanipanda, na ulimi ukafuata.

"Obeid, nisikilize. Mimi nikikuchoka hutanusa. Utasikia. Utasikia wewe, watasikia majirani, na wanaopita njiani watasikia."

Nyevu akageukia matangi, mabega yakimtikisika. Nami nikamweleza mume wangu yote: moshi, kimashine, Nguma wa kwanza, Nguma wa pili, na kwamba huyu aliye ndooni ni wa tatu. Nilisema huku namtazama usoni, nikingoja ufunge kama ulivyofunga siku aliporudi kutoka Kaloleni.

Aliinama akamtazama samaki.

"Wa tatu huyu?"

"Wa tatu."

"Niliona doa limehama. Nikadhani ndivyo walivyo." Akayagusa maji kwa kidole. "Kuluthum, Nguma nimemzika kwa mikono yangu. Jembe nimelishika mwenyewe. Hawa ni samaki."

Nikasema najua.

"Hujui. Ulidhani mimi ndiye sijui." Hakusema kwa ukali. "Samaki akifa nitasikitika, kisha nitakuja kwa Nyevu. Wewe ukinichoka, niende duka gani?"

Hapo nililia, na sikujificha kwenye buibui. Fundi cherehani alichungulia mlangoni akaona si mahali pake, akarudi. Nyevu alitupa nafasi mpaka akaona inatosha, kisha akauliza kwa adabu samaki awamwage kwenye matangi yake au wanarudi nyumbani. Obeid akasema wanarudi. Akanunua na kikopo cha chakula chao, kwa haya tu ya kuwa amekaa kwenye kigoda cha watu bila kununua kitu.

Tulirudi polepole kwa sababu ya ndoo, yeye ameshika upande mmoja wa mpini na mimi upande wa pili, maji yakiturukia miguuni. Sikumuuliza kitu. Tulipopita msikitini akaanza mwenyewe kunihadithia habari za Nguma. Alinieleza siku ya mwisho hospitalini, Nguma akiwa hatambui mtu, anadhani yuko juu ya kreni. Alikuwa anauliza jambo moja tu, anauliza tena na tena, nani amekuja kumpokea zamu. Manesi wakimwambia alale, anakataa, hawezi kuiacha kreni na mzigo uko hewani.

"Nikamwambia, ni mimi, Obeid, nimefika," akasema. "Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia nina hakika. Akasema, haya, basi mimi nashuka."

Tulikuwa tumefika mlangoni. Alikuwa hajamaliza, na ndani nilisikia harufu ya wali niliouacha na makaa juu ya kifuniko. Nilikaa naye kwenye kizingiti, ndoo kati yetu, nikamwacha aseme, na wali nikauacha uungue.