Kagera Haufiki Magogoni

Kama kuna mtu Kariakoo aliyejivunia mkono wake, basi ni Pantaleo. Kibanda chake kilikuwa Mtaa wa Kongo, na vibao vya nusu ya mtaa ule, vya wauza kanga, mafundi saa na mikahawa, vilitoka kwenye brashi yake. Hakuwahi kupinda mstari. Ukimwambia herufi yake imelala upande, alikununia wiki nzima.

Kwa hiyo Mwalimu Candida alipomletea ubao wa plaiwudi na kitabu cha ramani cha shule, ili amchoree mito mikubwa ya Afrika kwa ajili ya darasa la watu wazima, alikubali kabla binti hajamaliza kusema.

"Rangi ya buluu lakini unayo, mzee?"

"Ninayo ya kubahatisha, mwanangu. Mito itatosha. Bahari mtanisamehe."

Mwaka ule, mwaka mmoja tu baada ya vita, rangi ilikuwa kama sukari: ukiipata unaificha uvunguni.

Alichora mto Naija na tao lake, akachora Zambezi, akauzungusha Kongo katikati ya bara huku akicheka kwamba miaka yote amekaa kwenye mtaa wenye jina la mto na hakuwahi kulowa. Candida alikaa kwenye kigoda akimweleza. Kila mto una bonde lake, alisema. Mvua ikinyesha upande huu wa mlima inakwenda bahari hii, ikinyesha upande wa pili inakwenda bahari nyingine, na maji hayo hayaonani tena. Pantaleo aliitikia "ehee, ehee", mawazo yote yakiwa kwenye brashi, mpaka alipofika Kagera.

Hapo mkono ulisita wenyewe. Mwanawe wa pekee, Ignasi, alikuwa askari, na mtumbwi wao ulipinduka wakati wanavuka Kagera kwenda vitani. Mwili haukuonekana. Na kwao Pantaleo na mkewe Severa, kule kijijini ukingoni mwa Ruvuma, mtu akichukuliwa na mto hawamtafuti alipozamia. Wanashuka mpaka mto unapoishia, wanamwaga unga wa mtama majini na kumwita kwa jina aje ale. Asipoitwa, anabaki na njaa, na matanga hayavunjwi.

Sasa Kagera unaishia wapi? Wala hawakumuuliza mtu. Ruvuma unakwenda baharini, Rufiji unakwenda baharini, hata Msimbazi na uchafu wake wote unakwenda baharini. Mto gani tena ungekwenda kwingine? Basi kila Jumapili, wakitoka misani, walishuka Magogoni baharini, wakasimama pembeni mwa kivuko, Severa akamwaga unga na kuita. Watu wa Kigamboni waliwatazama kama wendawazimu. Jumapili moja unga ule ulizunguka, ukazama wote kwa mkupuo. "Amekula," Severa alisema. Tangu siku hiyo alianza kulala usingizi, akavua kaniki ya msiba, akajiandikisha kwenye darasa la Candida kujifunza kusoma.

"Mwalimu," Pantaleo aliuliza taratibu, "huu Kagera unaingia ziwani. Unatokea wapi upande wa huku?"

"Hautokei huku, mzee. Ukiingia Ziwa Viktoria, maji yanatoka na Nile. Uganda, Sudan, Misri, mpaka Bahari ya Mediterania. Kwetu halifiki hata tone."

Alisema kwa furaha ya mwalimu anayelijua somo lake. Angejuaje, maskini?

Binti alipoondoka, Pantaleo alikaa na brashi mkononi mpaka ikaanza kukauka. Kisha akaichovya. Kutoka Kagera alivuta mstari mwembamba, akaupitisha kusini mwa ziwa, akauteremsha taratibu mpaka Dar es Salaam. Ulikuwa mstari wa kwanza wa uongo maishani mwake, na alikuwa hajawahi kuchora mwingine kwa uangalifu namna ile.

Darasa lilikaa alasiri ya siku ya tatu, kwenye ukumbi wa tawi la chama. Pantaleo alialikwa apigiwe makofi, akapigiwa, akakaa nyuma. Severa alikuwa benchi la mbele. Candida alipitisha fimbo juu ya mito, mmoja baada ya mwingine, halafu akasimama.

"Hapa mzee wetu ameteleza," alisema, akauchorea mstari ule msalaba wa chaki. Akaeleza Nile, kuanzia Kagera mpaka Misri.

"Mzee Pantaleo leo umepinda!" Fikirini muuza kahawa alipiga kelele, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Severa hakucheka. Aligeuka, akamtazama mumewe. Aliujua mkono ule kuliko mtu yeyote, na alijua hauchori mto kwa bahati mbaya.

Walipoingia chumbani kwao, Severa alifunga mlango.

"Ulijua?"

"Nimejua juzi, Mama Ignasi. Kwenye kitabu cha mwalimu."

"Basi pale Magogoni, mwaka mzima, nilikuwa namwita nani?"

Pantaleo alitamani amwambie kwamba bahari zote huungana, lakini hata yeye hakuamini hivyo.

"Mwanangu ana njaa," Severa alisema. "Yuko huko Misri, hata lugha yao haijui, anasikiliza kama nitamwita. Na mimi nimelala. Nimelala usingizi, Baba Ignasi!"

Alilia mpaka kanga ikalowa. Kisha aliinuka, akachota unga wa mtama kwenye bakuli, akasimama mbele ya ukuta wa chokaa.

"Nichoree tena ule wako. Hapa. Ule unaokuja nyumbani."

Pantaleo alikwangua rangi iliyobaki chini ya kopo. Alichora Kagera, akachora ziwa, brashi ikasimama.

"Endelea," Severa alisema.

Alijaribu. Mkono uliokwisha kuijua njia ya kweli ukagoma kushuka. Pantaleo aliegemeza paji la uso ukutani, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ile ya taarifa. Brashi ilikuwa bado imegandamizwa pale ziwani. Rangi ikajaa, ikachuruzika yenyewe, ikashuka polepole mpaka sakafuni.

Severa alichuchumaa pale ilipoishia. Akamwaga unga.

"Ignasi! Ignasi wangu, njoo ule."

Aliutazama unga ule kwa muda mrefu. Safari hii hakusema kwamba amekula.